Mzee "hasumbui" si mzee aliyetulia: uzi wa mbinu za kulegeza mwili na akili kwa wazee wenye sonona walio makaoni

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, leo ngoja niuteremshe. Nahudumu kwenye makao ya wazee, mwaka wa kumi na moja sasa, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Kuna neno tunaambiana kila tukikabidhiana zamu ambalo siku hizi nikilisikia nashtuka: "hasumbui." Chumba cha kwanza kaomba mto wa pili. Cha pili kagoma kubadilishwa nguo. Cha tatu anapiga kengele kila dakika kumi. Cha nne hasumbui, twende cha tano.

Cha nne yupo babu mmoja, fundi saa mstaafu, aliyeletwa mwaka jana miezi michache baada ya kufiwa na mkewe. Mpole, msafi, hakatai dawa, haombi kitu. Tulimpenda sote, na tuseme ukweli, tulimpenda kwa sababu alitupunguzia kazi. Usiku mmoja saa nane naingia kumgeuza, nikashika mkono wake niuweke juu ya mto. Haukufunguka. Alikuwa macho, anatazama dari, ngumi kaikunja. Nilipoifungua kidole kimoja kimoja nikakuta alama nne za kucha kiganjani, mpya juu ya za zamani. Mabega yamepanda karibu na masikio, taya limebana. Nikamuuliza, "Babu, unaumwa?" Akanijibu, "Hapana mwanangu, nimepumzika."

Wakuu, mimi nimeona mengi kwenye hii kazi lakini hiyo "nimepumzika" ilinikalisha macho hadi asubuhi. Mtu aliyetulia mwili wake umelegea. Aliyenyamaza anaweza kuwa amebana kila msuli alio nao, na sisi tunamwandikia daftarini "amelala vizuri".

Sonona ya uzeeni ina ujanja wake. Mara nyingi mzee halii wala hasemi ana huzuni. Atakuambia mgongo, tumbo, usingizi umeruka, sina hamu. Anaanza kusahau, watu wanasema basi, ndiyo uzee huo. Kuna dodoso la kupima sonona kwa wazee lililotungwa na Jerome Yesavage na wenzake, la maswali 30, likachapishwa mwaka 1982. Baadaye likafupishwa likawa 15, yote ya ndiyo au hapana. Kilichonivutia ni kwamba halimuulizi mzee kuhusu maumivu wala usingizi, maana uzee wenyewe huvuruga hivyo vitu. Linamuuliza kama maisha anayaona matupu, kama ameacha mambo aliyokuwa akiyapenda. Akivuka alama 5 kwenye lile fupi, apelekwe kwa daktari. Dodoso halitoi jina la ugonjwa, linakuambia tu usiendelee kupita mlango wa chumba cha nne.

Babu tulimpima. Alipata 11.

Daktari akafanya yake, nitayagusia. Lakini dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kitu, na usiku ni mrefu. Ndipo nikaanza kujifunza mbinu za kulegeza mwili, kwanza kwa kusoma, halafu kwa kukosea.

Niliyoanza nayo ni ya kubana na kuachia misuli. Mwenyewe ni daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, alianza kuichunguza mwaka 1908 akiwa Harvard na kitabu chake kikatoka mwaka 1929. Aligundua kwamba mtu aliyelegea sawasawa hata ukipiga kelele ya ghafla hashtuki kama wengine. Fikirieni hilo kwenye jengo ambalo milango inabamizwa na matroli yanapita usiku kucha! Yeye aliwafundisha watu kwa muda mrefu sana, msuli kwa msuli. Mzee wa miaka 84 hana huo muda wala hiyo subira, kwa hiyo sisi tunafanya fupi.

Tunaifanya hivi. Mzee akae kwenye kiti chenye mikono, nyayo zikanyage chini kabisa. Kama hazifiki, weka kibao. Kengele ya kuitia iwe mahali anapoifikia, kwa sababu asiyeweza kuita msaada halegei hata umwimbie. Tunaanzia mikononi kwa kuwa mikono anaiona. Kunja ngumi, nusu ya nguvu zako tu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Achia. Halafu unanyamaza kama sekunde ishirini, na hapo ndipo penye dawa yenyewe, kwa sababu mzee anahisi tofauti ya mkono uliobana na uliolegea. Wengi wao walikuwa wamebana miezi bila kujua. Kisha mabega: pandisha kama unayesema "sijui", yaangushe. Kisha uso: finya kama jua limekupiga machoni, achia. Sisi tunaishia hapo au tunaongeza mapaja. Dakika kumi zinatosha. Shingo siigusi, na vidole vya miguu siwaambii wavikunje, kwa sababu mkakamao wa misuli ukimshika mzee usiku, kesho hakusikilizi tena.

Pumzi. Hapa watu wengi wanaharibu kwa kusema "vuta pumzi kwa nguvu". Mzee anavuta mara sita, kizunguzungu, basi. Kazi kubwa iko kwenye kutoa. Unapotoa pumzi moyo hupunguza mwendo kidogo, kupitia mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi, kwa hiyo pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mwili unapokea ujumbe kwamba hatari imepita. Mtu mzima aliyekaa tu hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukimshusha taratibu kuelekea sita bila kumlazimisha, umefika. Mimi siwahesabii. Nawaambia wafikirie mshumaa mbele yao: upulize mwali uiname, lakini usizimike. Bibi mmoja aliniambia, "Wangu umezimika mara tatu, nikauwasha tena." Alikuwa anacheka. Wiki mbili zile hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka.

Kwa asiyeweza kubana misuli, iwe ni kiharusi au viungo vinauma, nimetumia ile ya Mjerumani Johannes Schultz, aliyoichapisha mwaka 1932. Hakuna kubana chochote. Mtu anarudia moyoni maneno mafupi: mkono wangu wa kulia ni mzito, mkono wangu wa kulia una joto. Inachosha kuieleza, lakini kuna wazee inawashika vizuri kuliko zote, hasa wenye mazoea ya kuomba kimyakimya.

Na sasa ile ya kufikiria mahali pazuri. Kila maelezo niliyosoma yanampeleka mtu ufukweni. Nikampeleka babu ufukweni. Akaniambia hapendi bahari, upepo unaleta chumvi na chumvi inaharibu saa. Nikamuuliza basi tuende wapi. Akafumba macho, akasema mezani kwake. Akaanza kupanga bisibisi, ndogo kabisa kushoto, kubwa kulia. Akafungua mfuniko wa nyuma wa saa. Akanieleza gurudumu moja baada ya jingine kwa sauti ya chini, na nikaona mkono uliokuwa ngumi umefunguka juu ya blanketi, vidole viwili vimeshika kitu kisichokuwepo.

Ngoja niishie hapa kwanza. Wenye maswali na wenye kukosoa karibuni.

Mgumu Kuamini

Mkuu umeandika vizuri lakini nina mashaka. Mtu kafiwa na mke, kahamishwa nyumba, kanyang'anywa funguo zake, anaoga saa mliyopanga nyinyi. Halafu unamwambia akunje ngumi aachie? Huku si kumtuliza tu ili asiseme? Na je, hizi mbinu zimethibitishwa au ni mambo ya kusikia?

Zamu ya Usiku

Swali lako la kwanza ndilo lililonifanya nilete uzi, nitalirudia. Nianze na la pili.

Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 15 ya mbinu za kulegeza mwili kwa watu wenye sonona. Walichokuta: wagonjwa walipojipima wenyewe, waliofanya mbinu hizi walikuwa na nafuu kuliko ambao hawakufanyiwa kitu au walifanyiwa kidogo sana. Wataalamu walipowapima, jibu halikuwa thabiti. Na zikilinganishwa na tiba ya mazungumzo, hasa ile ya kurekebisha fikra na mwenendo, mbinu hizi zinashindwa. Kwa hiyo ni bora kuliko kukaa bure, lakini si mbadala wa tiba. Anayekuambia zinaponya sonona anakuuzia kitu.

Mimi nazitumia kufungua mlango. Mzee aliyebana hazungumzi, halali, maumivu yake yanaongezeka kwa sababu msuli uliobana unauma. Ukimlegeza dakika kumi, mara nyingi dakika ya kumi na moja ndiyo anasema jambo. Ukiondoka dakika ya kumi umefanya mazoezi ya viungo tu.

Jambo jingine ambalo lilinichukua muda kulielewa: sonona inapenda mtu alale. Mzee ambaye tayari yuko kitandani mchana kutwa hahitaji mbinu ya kumlaza zaidi. Ndiyo maana tukimaliza kulegeza tunaunganisha na kitu cha kufanya, hata kidogo. Kwenda dirishani. Kukunja taulo mbili. Babu tulimletea saa ya ukutani iliyokufa.

Kitindamimba

Nawasoma nikiwa na donge. Mama yangu yuko makaoni mwezi wa tano. Pale wanafanya mazoezi ya kupumua ukumbini kila siku asubuhi, wote pamoja, na mama hataki. Akipelekwa anageuza uso. Wahudumu wananiambia "mama yako hashirikiani". Nikimuuliza anasema, "Mimi si mtoto mchanga wa kubembelezwa." Nifanyeje?

Zamu ya Usiku

Pole dada. Mama hana kosa.

Kuna utafiti wa Ellen Langer na Judith Rodin, ulichapishwa mwaka 1976, walifanya kwenye makao ya wazee huko Connecticut, Marekani. Ghorofa moja wazee waliambiwa maisha yao hapo yako mikononi mwao, wakaachiwa kuchagua mche wa ua na kuutunza wenyewe. Ghorofa nyingine nao walipewa miche, ila waliambiwa wauguzi ndio watakaomwagilia. Huduma zilezile, jengo lilelile. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na wenye furaha zaidi. Siku hizi nikiona mazoezi ya kulazimishana ukumbini nawaza: huu ni mche ambao nesi anaumwagilia.

Mimi ningemuuliza mama maswali matatu tu. Saa ngapi? Wapi? Na nani? Kama anataka usiku kitandani badala ya asubuhi ukumbini, iwe usiku. Kama hataki kabisa pumzi, muulize zamani alipokuwa amechoka alikuwa anafanya nini. Nimekutana na bibi ambaye kulegea kwake ni kusukana nywele na mwenzake. Mwingine ni kung'arisha viatu ambavyo havivai tena. Hizo nazo ni mbinu, hata kama hazimo vitabuni.

Na akikataa leo, kataa lake lipokelewe vizuri. Pengine ni jambo la kwanza aliloamua mwenyewe wiki nzima.

Mkunja Mashuka

Naomba kuongezea upande ambao hauandikwi. Mimi mbinu hizi zilinigeuka.

Bibi mmoja, mtulivu, kila mtu anasema anafaa sana. Nikamwambia afumbe macho, alegeze mwili. Dakika ya tatu akaanza kutetemeka, akanishika mkono kwa nguvu sijawahi kuona kwa mtu wa umri ule, akawa anaita majina. Kumbe ukimfungia mtu macho na kumwondolea kila kelele, unamwacha peke yake na kile anachokikimbia. Nilijilaumu siku nyingi. Baadaye mwanasaikolojia akanieleza kwamba linajulikana, kuna watu ambao kulegea kwenyewe kunawaamshia hofu, hasa waliopitia vita, kupigwa au misiba mizito.

Tangu hapo naanza macho wazi. Mzee achague kitu cha kutazama, picha, ua, kitasa cha mlango. Miguu akanyage sakafu. Akianza kupepesuka namrudisha: bibi, niambie vitu vitatu unavyoviona. Na namwambia kabla, ukitaka tuache inua kidole tu, tunaacha.

Zamu ya Usiku

Hii iwekwe juu kabisa ya uzi. Asante.

Na kwenye kufumba macho niongeze la masikio. Wazee wengi hawasikii vizuri, wanasoma midomo yako bila hata wao kujua. Ukisema "fumba macho" umewazima. Nilikuwa na mzee nikadhani amesinzia, kumbe hasikii kitu na anaona aibu kusema. Wenye kifaa cha kusikia nao, wakiegemeza kichwa kwenye mto kifaa kinapiga mluzi. Hakuna anayelegea na mluzi sikioni. Mketishe wima, kaa mbele yake, mwanga uwe usoni kwako na si nyuma yako, sauti nzito kuliko nyembamba.

Fizio wa Kijiweni

Nafanya mazoezi tiba. Machache ya haraka, kwa sababu nimeona watu wanachukua video mtandaoni za vijana na kuwafanyisha wazee.

Kubana misuli huku umeshikilia pumzi kunapandisha presha. Mzee awe anahesabu kwa sauti wakati anabana, maana anayehesabu hawezi kushikilia pumzi. Mwenye mifupa iliyodhoofika, aliyevunjika nyonga karibuni, mwenye viungo vilivyovimba: eneo hilo msilibane kabisa. Aliyepata kiharusi, upande uliokaza msiuambie ukaze zaidi, tumia maneno ya uzito na joto kama alivyosema mleta uzi.

Wenye ugonjwa sugu wa mapafu, zile pumzi za kujaza tumbo zinaweza kuwachosha. Wapulize kwa midomo iliyofinywa, kama mtu anayepiga mluzi usiotoka. Ule mshumaa wa mleta uzi unafanya kazi hiyohiyo, sijui kama alijua.

Na la mwisho ndilo linaloangusha watu, naongea kuanguka kwa kweli. Mwili ukilegea presha inaweza kushuka, na wengi wako kwenye dawa za presha tayari. Wakisimama mara moja, chini. Mwisho wa zoezi wachezeshe vifundo vya miguu, wakae dakika mbili tatu, ndipo wainuke na mtu pembeni.

Zamu ya Usiku

Sikujua, mkuu. Niliutoa kwa bibi yangu.

Mjukuu wa Nne

Vipi wale waliosahau kabisa? Babu yangu ukimwambia "kunja ngumi" anakuuliza wewe nani.

Zamu ya Usiku

Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, maelekezo marefu yanamwongezea wasiwasi. Hapo tunahama kwenye maneno tunakwenda kwenye mwili wenyewe.

Kaa mbele yake, pumua wewe. Pole pole, mabega yako yaonekane yanashuka. Wengi watakufuata bila kuambiwa. Kiti cha kubembea kinasaidia baadhi yao. Kukanda mikono pia, dakika tano kila mkono, mafuta kidogo, kutoka kifundoni kwenda vidoleni, bila kusugua kwa nguvu kwa sababu ngozi yao ni nyepesi na inachubuka. Omba ruhusa kila siku hata kama jana alikubali. Akivuta mkono, amejibu.

Muziki unafika mbali kuliko yote kwao, ila uwe wake. Kumbukumbu zinazodumu zaidi kwa watu wengi ni za kuanzia miaka kumi hivi hadi thelathini, kwa hiyo piga hesabu: alizaliwa lini, alikuwa kijana lini, palikuwa panachezwa nini. Ule muziki laini wa mapokezi ya hoteli haumhusu. Na baada ya nusu saa zima. Redio inayowaka kutwa ukumbini ni kelele tu, na hakuna aliyeichagua.

Kujua kama ana sonona, lile dodoso la maswali 15 likishamzidi kuna jingine lililotungwa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, la mwaka 1988, lenye vipengele 19, ambalo mpimaji anamhoji pia mtu anayemhudumia. Kwa hiyo mhudumu, macho yako ndiyo kipimo.

Shifti Mbili

Haya yote ni mazuri kwenye karatasi. Sisi tuko wawili, wazee thelathini. Dakika kumi za kila mtu nazitoa wapi?

Zamu ya Usiku

Huzitoi. Ukiziweka kwenye ratiba kama kazi mpya zitakufa wiki ya pili, nimeshuhudia. Zibandike kwenye kazi ambayo lazima uifanye. Unamgeuza usiku? Pumzi tatu za mshumaa pamoja naye kabla hujamshika, na utaona hata uzito wake unapungua mikononi, maana mwili uliobana ni mzito kuugeuza. Unampaka mafuta baada ya kuoga? Mikono ndiyo hapo. Unampima presha? Muda wa kusubiri kile kitambaa kilegee, naye alegeze mabega.

Halafu mfundishe mmoja amfundishe mwenzake. Bibi wa mshumaa sasa anawaongoza watatu wa ukumbini, na ana ukali kuliko mimi.

Nesi Mstaafu

Wanangu, uzi mzuri. Niseme ambayo yananitia hofu.

Mzee aliyebadilika ghafla, ndani ya saa au siku mbili, akawa mzito, kimya, hajui alipo, hiyo msiiite sonona na msimfanyishe pumzi. Inaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji au dawa mpya. Mwiteni daktari siku hiyohiyo. Sonona nayo isipewe jina kabla ya kupima damu, tezi la shingo likizembea au vitamini B12 ikipungua mtu anafanana kabisa na mwenye sonona. Na akianzishiwa dawa za sonona, wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi kwa wazee, ndipo mwone matunda. Kwenye wiki za mwanzo akianza kuchanganyikiwa au kuyumba, chumvi ya damu ipimwe, baadhi ya dawa hizo huishusha kwa wazee.

La pili. Karibu kila sehemu ya dunia, viwango vya kujiua viko juu zaidi kwa waliovuka miaka 70. Makaoni haliji na kelele. Linakuja na "nimekuwa mzigo", linakuja na kuficha vidonge chini ya godoro, kugoma kula, kugawa vitu vyake. Ukisikia, muulize wazi: unafikiria kufa? Unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Usimwache peke yake, mwambie msimamizi na daktari hapohapo. Usiku huo hakuna mbinu ya kulegeza mwili, kuna mtu kukaa naye.

Zamu ya Usiku

Shikamoo mama. Tumepokea.

Mgumu Kuamini

Bado hujanijibu swali langu la kwanza. Unamtuliza ili asiseme, au?

Zamu ya Usiku

Sijasahau, nilikuwa naenda nyumbani kutoka zamu.

Ukweli ni kwamba inawezekana kabisa kutumia mbinu hizi kumnyamazisha mtu. Nimeona makao ambako mzee akilalamika anawekewa kanda ya mawimbi ya bahari. Mimi kipimo changu ni kimoja: baada ya wiki kadhaa, anaomba vitu zaidi au pungufu? Akizidi kukaa kimya, mimi nimekosea mahali.

Babu yuko kwenye dawa, mwanasaikolojia anakuja kila wiki mbili, na usiku tunakwenda "mezani" tukipata nafasi. Dodoso la juzi alipata 6. Kucha zake anakata mwenyewe, viganja ni safi. Lile saa la ukutani halijapona, anasema tulileta takataka.

Jana napokea zamu. Mwenzangu anasoma daftari: cha kwanza yuko sawa, cha pili yuko sawa, cha tatu kama kawaida yake. Cha nne anasumbua. Kalalamikia dirisha, kalalamikia mto, kalalamikia saa ya ukumbini iko nyuma dakika nne na anataka aletewe ngazi.

Nikatia saini.

Kitindamimba

Dirisha lilifunguliwa?

Zamu ya Usiku

Lilifunguliwa. Akasema baridi.